17 toa 12 sio jibu

Kuna fomu mbili ambazo sijazisahau mpaka leo. Zote za mgonjwa mmoja, mama mtu mzima, na nimebadilisha vitu vidogo vidogo hapa ili asijulikane. Ya kwanza aliijaza siku anaanza matibabu ya sonona (depression), ya pili aliijaza wiki nane baadae. Dodoso ni lile lile, PHQ-9, lile la maswali tisa ambalo Kroenke, Spitzer na Williams walilichapisha 2001 na ambalo sasa hivi ukitaja kupima sonona basi watu wengi ndo wanaliwaza hilo. Kila swali linakuuliza ndani ya wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na jambo flani, unajibu 0 mpaka 3, ukijumlisha unapata namba kati ya 0 na 27. Fomu ya kwanza ilitoa 17. Ya pili ikatoa 12.

Mimi sio daktari, kazi yangu ni data. Kwa hiyo nilichokuwa naletewa ni jumla peke yake, na kwenye faili letu la kompyuta kulikuwa na safu ya kabla, safu ya baada, na safu ya tatu inayotoa. 17 toa 12 unapata 5, na 5 ilikuwa inawekewa rangi ya kijani kwa sababu alama 5 kwenye PHQ-9 ndo kiwango ambacho wengi wanakitumia kusema hapa kuna tofauti ya maana kwa mgonjwa. Kijani maana yake anaendelea vizuri, miadi inayofuata inaweza kusogezwa mbele, nafasi apewe mwingine.

Siku moja nikawa natafuta kosa jingine kabisa kwenye lile faili, nikamuomba sista aniletee makaratasi yenyewe, na hizo fomu mbili zikawa zimelala mezani moja pembeni ya nyingine. Usingizi ulikuwa 3 sasa 0. Uchovu 3 sasa 1. Hamu ya kula 3 sasa 1. Umakini 2 sasa 1. Safi kabisa mpaka hapo. Kukosa hamu ya mambo 2 na bado 2, huzuni 2 na bado 2, kuwa mzito au kuhangaika 1 na bado 1. Halafu swali la sita, lile la kujiona umeshindwa maisha na umeiangusha familia yako, lilikuwa 1 likawa 3. Na swali la tisa, la mawazo kwamba afadhali ufe au ujidhuru, lilikuwa 0 likawa 1.

Nilikaa nayo muda. Jumla imeshuka alama tano, rangi ya kijani, na huyu mama amepata wazo la kufa ambalo mwanzo hakuwa nalo. Nikanyanyuka nikaenda kumtafuta daktari pale pale, maana jibu lolote zaidi ya sifuri kwenye swali la tisa linatakiwa lifuatwe na mazungumzo siku hiyo hiyo, haijalishi jumla inasema nini. Alipigiwa simu jioni ile akaja kesho yake.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa kusumbua wenzangu kuhusu hili, na leo naliandika lote kwa sababu naona bado kuna sehemu nyingi mabadiliko ya mgonjwa yanapimwa kwa kutoa namba moja kwenye nyingine, na maamuzi makubwa yanafuata hapo, dozi ipandishwe au ishushwe, mtu aruhusiwe au abaki.

Tuanze na jambo la kwanza kabisa, kwamba kila alama ina kosa ndani yake. Fundi akikupima kiuno mara mbili ndani ya dakika moja anapata namba mbili tofauti kidogo na wewe hujanenepa wala hujakonda, ni mkono umecheza, umevuta pumzi, utepe umelegea. Dodoso nalo ni hivyo hivyo ila mkono unacheza zaidi, maana unamuuliza mtu akumbuke wiki mbili, na pengine leo kaamka vibaya, au ameulizwa na mtu anayemuogopa, au amechoka kujaza. Spearman aliliona hili tangu 1904, kwamba alama unayoiona ni alama ya kweli pamoja na kosa, na saikometria nzima, yaani elimu ya kupima mambo ya akili na hisia, imejengwa juu ya hilo wazo.

Sasa ukichukua alama mbili zenye makosa ukazitoa, makosa hayatoani. Yanajumlishana. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Jacobson na Truax 1991 walitoa njia rahisi sana ya kulishughulikia na mpaka leo inatumika, na unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Tuchukue mfano, dodoso lako kwenye kundi lako la wagonjwa alama zinatawanyika kwa mkengeuko sanifu wa 5 (yaani kwa kawaida zinakuwa mbali na wastani kwa kama alama 5), na uthabiti wake, yaani kipimo kinategemeka kiasi gani kati ya 0 na 1, ni 0.84. Unachukua 1 unatoa 0.84 unapata 0.16, kipeuo chake cha pili ni 0.4, zidisha kwa 5 unapata 2. Hiyo 2 ndo ukubwa wa kawaida wa kosa kwenye alama moja. Kwa tofauti ya alama mbili unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 2, inakuwa kama 2.83, halafu unazidisha kwa 1.96 kama unataka uhakika wa asilimia 95, unafika 5.5 na kidogo.

Yaani kwa mfano huo mgonjwa anatakiwa abadilike alama 6 ndo useme bila kusitasita kwamba hii sio kelele ya kipimo. Tano haitoshi. Yule mama wa kijani hata kwa hesabu hii peke yake asingepata kijani, angepata rangi ya "bado hatujui", na kwenye faili letu hiyo rangi haikuwepo kabisa. Kulikuwa na kijani, nyekundu, basi. Naamini kabisa kwamba kila kliniki inayofuatilia wagonjwa kwa namba inahitaji hiyo rangi ya tatu kuliko inavyohitaji programu mpya.

Jacobson na Truax waliongeza sharti la pili pia, kwamba mtu awe amevuka kutoka eneo la wagonjwa kwenda eneo la watu wasioumwa. Kwenye PHQ-9 wengi wanachukua chini ya 10. Nalipenda hili sharti kwa sababu linatenganisha maswali mawili ambayo tunayachanganya kila siku, je amebadilika, na je amefika pazuri. Mtu anaweza kutoka 26 kwenda 18, amebadilika kweli na ni jambo kubwa, ila bado anaumwa sana. Na mwingine ametoka 11 kwenda 9, amevuka mstari lakini huenda hakuna chochote kilichotokea.

Kuna kitu kingine ambacho kinanyenyekeza sana ukikielewa. Watu huja kutibiwa wakiwa kwenye wiki mbaya kuliko zote. Hakuna anayekuja siku anajisikia nafuu. Kwa hiyo alama ya kwanza imechaguliwa na ubaya wake, na alama iliyochaguliwa kwa ubaya wake ukiipima tena ina kawaida ya kurudi kuelekea kwenye wastani hata kama hujafanya lolote. Galton alilionyesha 1886 kwa urefu wa wazazi na watoto, wazazi warefu sana watoto wao ni warefu ila sio kwa kiasi kile. Kama wastani wa kundi ni 8 na uthabiti ni 0.84, mtu aliyepata 18 makadirio yetu bora ya alama yake ya kweli ni kama 16.4 tu, na hapo ni kosa la kipimo peke yake, bado sijagusa kwamba sonona yenyewe ina kupanda na kushuka kwake. Ndo maana ripoti inayosema wagonjwa wetu wameshuka alama kadhaa bila kundi la kulinganisha haiwezi kunishawishi, hata iwe na grafu nzuri vipi.

Wataalamu wa zamani walilipeleka hili mbali sana. Cronbach na Furby 1970 waliandika makala ambayo kichwa chake kinauliza tupime mabadiliko vipi, au tuache kabisa. Hoja ilikuwa kwamba tofauti ya alama mbili haitegemeki. Ukiwa na vipimo viwili kila kimoja uthabiti 0.84 na vyenyewe vinafuatana kwa 0.6 (0 ni havifuatani kabisa, 1 vinakwenda pamoja moja kwa moja), uthabiti wa ile tofauti unashuka mpaka 0.6. Vikifuatana kwa 0.7 unakuwa chini ya 0.5, yaani zaidi ya nusu ya tofauti unazoziona kati ya mgonjwa na mgonjwa ni kelele. Inatisha. Ila baadae Rogosa na Willett 1983 wakaonyesha kwamba sio lazima iwe hivyo, kwamba hiyo namba inashuka sana hasa pale ambapo watu wote wanabadilika kwa kiasi kinachokaribiana, na kama watu kweli wanabadilika kwa viwango tofauti, mmoja sana mwingine kidogo mwingine anarudi nyuma, basi tofauti inaweza kutegemeka vizuri tu. Na dawa nyingine waliyoisisitiza ni rahisi, usipime mara mbili, pima mara nyingi. Alama mbili zinakupa mstari mmoja tu na mstari huo unapita kwenye makosa yote mawili. Alama sita zinakupa njia, unaona mtu anaelekea wapi na anayumba kiasi gani.

Haya, mpaka hapa bado tunaongelea jumla. Sasa jumla yenyewe.

Unapojumlisha maswali tisa unasema kimya kimya kwamba alama moja ya usingizi ni sawa na alama moja ya kutaka kufa. Hakuna daktari atakayekubali sentensi hiyo ukimwambia usoni, lakini kila siku tunaikubali kwenye karatasi. Pia unasema kutoka 3 kwenda 2 ni hatua sawa na kutoka 1 kwenda 0, na mtu yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa anajua sio sawa. Modeli za mwitikio wa maswali zilizaliwa kutatua hili. Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark, alitoa kazi yake 1960, na Samejima 1969 akatoa modeli inayofaa majibu ya ngazi ngazi kama haya ya 0 mpaka 3. Wazo ni kwamba kuna kitu kimoja hatukioni, ukali wa sonona, na kila swali linakigusa kwa namna yake, swali moja linawashwa mapema hata kwa mtu mwenye dalili kidogo, jingine halijibiwi ndio mpaka mtu awe amezama sana, na mengine yanatenganisha watu vizuri kuliko mengine. Modeli inajifunza tabia ya kila swali halafu inakadiria mtu yuko wapi, na cha maana zaidi inakwambia ina uhakika kiasi gani kwa mtu huyo. Kosa la kipimo sio namba moja kwa wote. Katikati ya skeli kipimo kinaona vizuri, kwenye ncha kinakuwa kama macho ya usiku, na mtu aliyeanza na 26 hana nafasi ya kuonyesha kwamba amezidiwa maana skeli imemuishia.

Vipimo vya PROMIS, mradi ulioanza 2004 chini ya taasisi za taifa za afya za Marekani, vimejengwa hivyo, wastani ni 50 na mkengeuko sanifu 10, na kompyuta inaweza kumchagulia kila mtu maswali yanayomfaa na bado alama zikalinganishika.

Lakini sikufichi, modeli hizi zinataka watu wengi, mamia, ndo zitulie. Kliniki yenye wagonjwa arobaini isijaribu kujitengenezea yake. Tumia namba zilizochapishwa tayari na watu waliopima kundi linalofanana na lako, au baki na hesabu ya Jacobson na Truax, ila tafadhali usitupe majibu ya kila swali. Sisi tulikuwa tunayatupa. Tunajumlisha, tunaingiza jumla, karatasi inaenda kabatini. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo kwa sababu taarifa ilikuwepo, mama aliiandika kwa mkono wake, na sisi ndo tuliifuta.

Na sasa nifike kwenye sehemu ngumu kuliko zote, ambayo nilijifunza kwa huyu mama na sio kwenye hesabu. Alipokuja, daktari alimuuliza kwa upole, "Mama, mara ya kwanza hapa kwenye kujiona umeshindwa uliweka moja, safari hii umeweka tatu. Kuna nini kimetokea?" Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Daktari, wakati ule nilikuwa nimechoka sana, hata kujilaumu sikuwa na nguvu. Sasa hivi nalala. Naamka asubuhi kichwa kimetulia, nayaona yote niliyoyaharibu."

Dawa aliyopewa ni ya aina inayoleta usingizi na kuongeza hamu ya kula. Ilifanya kazi yake. Jumla ikashuka kwa sababu ya mwili, na ule mwili uliopata nafuu ndo ukafungua mlango wa hisia zilizokuwa zimefunikwa na uchovu. Je sonona yake ilipungua? Mimi kwa kweli siwezi kujibu kwa namba moja, na nadhani hakuna namba moja inayoweza.

Ukiliangalia kisaikometria kuna mambo mawili yanaweza kuwa yametokea. La kwanza, vitu vilivyo ndani ya sonona vimeenda njia tofauti, mwili huku, hisia kule, na kipimo kinachodhani ni kitu kimoja kinazichanganya. Fried na Nesse 2015 waliwaangalia wagonjwa 3,703 wa sonona kwenye utafiti mkubwa wa Marekani wakakuta mchanganyiko wa dalili wa aina 1,030 tofauti. Watu wenye ugonjwa wenye jina moja. La pili, mtu mwenyewe amebadilisha rula yake ya ndani. Swali ni lile lile, maneno yale yale, lakini anavyolielewa leo sio alivyolielewa wiki nane zilizopita, ama kwa sababu matibabu yamemfundisha kutambua hisia zake, ama amezoea hali flani akaacha kuiona ni tatizo. Sprangers na Schwartz waliliandikia sana hili 1999 kwa wagonjwa wa magonjwa sugu, na ndo linaeleza kwa nini mtu mwenye ugonjwa mzito anaweza kusema hali ya maisha yake ni nzuri na akawa anasema kweli kabisa.

Kwa hiyo kabla hujasema alama imebadilika inabidi uulize kama kipimo chenyewe kimebaki kile kile kati ya siku ya kwanza na ya mwisho. Kuna modeli za kufanya hivyo, unalazimisha tabia ya kila swali iwe sawa kwa nyakati zote halafu unaangalia kama data inakubali au inakataa. Fried na wenzake 2016 walifanya hivyo kwa skeli kadhaa za sonona zinazotumika sana, na data ilikataa. Skeli zilikuwa zinapima kitu tofauti kidogo mwanzo na mwisho wa matibabu. Niliposoma hilo nilielewa kwamba yule mama hakuwa mgonjwa wa ajabu.

Tulibadilisha vitu vichache tu. Tunaingiza majibu yote tisa. Tunapima kila wiki mbili na sio chini ya hapo, maana swali lenyewe linauliza wiki mbili na ukipima kila wiki majibu yanapandiana. Mstari wa mgonjwa tunauchora na utepe wa kosa kuuzunguka, na kama alama mpya iko ndani ya utepe hatusemi amepanda wala ameshuka. Swali la tisa lina safu yake ambayo hakuna jumla inayoweza kuificha. Na kuna kisanduku cha maneno, mahali ambapo sista anaandika alichosema mgonjwa swali likiruka alama mbili au zaidi kwa upande wowote, hata likiruka kwa uzuri.

Huyu mama alianza kuonana na mwanasaikolojia, dawa ikabaki ile ile. Fomu yake iliyofuata ilikuja na jumla ya 11. Alama moja tu chini ya 12, ndani kabisa ya utepe, na kwenye faili letu la zamani ingesomeka kama hajasogea. Usingizi ulikuwa umepanda kidogo kutoka 0 kwenda 1, uchovu kutoka 1 kwenda 2, umakini vile vile kutoka 1 kwenda 2, na kukosa hamu ya mambo kulishuka kutoka 2 kwenda 1. Swali la sita lilikuwa limetoka 3 kwenda 1, la tisa limerudi 0. Swali moja moja nalo lina kelele zake kwa hiyo tulisubiri fomu mbili zaidi kabla ya kusema chochote, na kwenye zote mbili majibu ya swali la sita na la tisa yakabaki hapo hapo, 1 na 0. Kwenye kile kisanduku sista alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, "Anasema juzi amelia sana ila hakujichukia."